UZI: Mkebe wa glukosi hauleti maziwa. Tuangalie vimeng'enya vya ndani ya titi

Mwalimu_Kibokoni

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Uzi huu nimeufungua kwa jambo linaloniuma. Mwanamke akijifungua hapa Mombasa, mara nyingi kabla hajatoka wodini kuna mtu wa nyumbani ashapita duka la dawa kununua mkebe wa glukosi. Mama anakorogewa ili maziwa yaje. Kichanga naye anakorogewa kwa kijiko kwa kuwa maziwa bado hayajaja. Wanaofanya hivyo wanafanya kwa mapenzi, hilo sina shaka nalo. Lakini mimi nasomesha kemia, na kemia ya titi linalonyonyesha iko wazi: mkebe ule haumpi mama maziwa, na kijiko kile cha mtoto ndicho kinachoyachelewesha. Nitaeleza kwa nini. Muniulize, na wauguzi mlioko humu mnisaidie.

Sukari ya maziwa yaitwa laktosi. Molekuli yake moja ni glukosi iliyoungana na galaktosi. Maziwa ya binadamu yana takriban gramu 7 za laktosi katika kila mililita 100. Ya ng'ombe ni kama 4.8, ya mbuzi chini kidogo ya hapo. Mama anayenyonyesha bila kuchanganya hutoa kama mililita 750 hadi 800 kwa siku. Pigeni hesabu: zaidi ya gramu 50 za laktosi kila siku, na karibu uzani huohuo wa glukosi umechotwa kwenye damu yake. Ni kama vijiko 13 vya chai vya sukari.

Sasa tuingie ndani ya seli. Glukosi inatoka kwenye damu na kupita katika protini iliyokaa kwenye utando wa seli, GLUT1. Protini hii haingojei insulini, tofauti na ile ya kwenye misuli. Ikishaingia, njia zinagawanyika.

Glukosi moja inakwenda hadi kwenye Golgi, kile chumba cha seli kinachofunga bidhaa za kutolewa nje, na inafika ikiwa vilevile ilivyokuwa kwenye damu. Nyingine inazungushwa. Inashikwa kwanza na heksokinasi, kimeng'enya (yaani protini inayoharakisha kazi ya kemia mwilini) ambacho kinaibandika fosfati kwa gharama ya ATP moja, ile molekuli ya nguvu ya seli. Hapo ishanaswa, kwa sababu utando wa seli hauipitishi sukari yenye fosfati, na seli ya titi haina kimeng'enya cha kuibandua kama kile cha ini. Halafu fosfati inahamishwa kutoka kaboni ya sita hadi ya kwanza. Halafu kimeng'enya kingine kinaiunganisha na UTP, molekuli iliyo ndugu ya ATP, tunapata UDP-glukosi, yaani glukosi iliyobebwa na UDP. Mwisho inakuja epimerasi, ambayo kazi yake ni ndogo sana kuitazama: inageuza upande wa kikundi kimoja cha OH kwenye kaboni ya nne. Basi. Glukosi imekuwa galaktosi. Aliyetufumbulia habari za hizi sukari zilizobebwa na UDP ni Luis Leloir wa Argentina, na alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1970.

Glukosi iliyokuja moja kwa moja na galaktosi iliyozungushwa zinakutana ndani ya Golgi, na kinachoziunga ni galaktosiltransferasi. Hapa ndipo pazuri zaidi. Kimeng'enya hiki kipo katika seli nyingi za mwili, za wanaume na wanawake, na kazi yake ya kila siku ni kupachika galaktosi kwenye protini. Glukosi ya kawaida hakiitaki. Ili kiishike peke yake, ingehitajika glukosi nyingi mno kuliko inayoweza kuwepo katika mwili wa mtu aliye hai. Seli ya titi inatatua shida hiyo kwa kutengeneza protini ndogo, alfa-laktalbumini, inayokuja kukaa ubavuni mwa kimeng'enya. Ikishakaa, hamu yake kwa glukosi inaongezeka kama mara elfu moja, na laktosi inaanza kutoka. Kwa hivyo mashine nzima ina sehemu mbili, na ile ya pili inatengenezwa na titi tu. Protini hiyo ina nasaba na lisozaimu, ile ya kwenye machozi inayopasua bakteria.

Laktosi ikishaundwa haiwezi kutoka kwenye Golgi kupitia utandoni, na inavuta maji. Mnajua embe bichi likikatwa na kutiwa chumvi kwa ajili ya achari, maji yanavyolitoka yenyewe. Nguvu ni hiyohiyo. Wingi wa maziwa, ule ujazo wake, kwa kiasi kikubwa ni maji yaliyovutwa na laktosi. Katika miaka ya 1990 watafiti walizalisha panya wasioweza kutengeneza alfa-laktalbumini. Maziwa ya panya hao yalikuwa mazito hata watoto wakashindwa kuyanyonya. Mafuta na protini vilikuwemo, ila laktosi haikuwepo, kwa hivyo na maji ya kutosha hayakuwepo.

Sasa rudini kwenye mkebe. Nani anaiamrisha alfa-laktalbumini itengenezwe? Sukari ya chai haina amri hiyo. Wakati wa mimba homoni ya projesteroni inazuia. Kondo la nyuma likitoka, projesteroni inaporomoka, prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, inabaki juu, na baina ya siku ya pili na ya nne maziwa yanaingia kwa wingi. Kuanzia hapo mwenye amri ni mtoto. Kila anaponyonya prolaktini inapanda. Titi likikaa limejaa, lenyewe linajifunga breki. Mtoto aliyeshibishwa maji ya glukosi hanyonyi, na asiponyonya amri haitoki.

MamaTwalha

Wa alaykumu ssalaam mwalimu. Mimi nimejifungua juzi na niko kwa mamangu Majengo. Nasoma huku mtoto yuko kifuani. Mama mkwe alikuja jana, akakamua tone moja akalitazama, akasema haya ni maji tu, mtoto atashinda na njaa. Nami nilivyoona maziwa yamekuwa machache na ya manjano nikaingiwa na hofu. Pia nauliza kuhusu supu ya pweza na uji wa pilipili manga, maana hapa nyumbani havikosi. Ni bure?

Mwalimu_Kibokoni

Hongera sana mzazi, Mungu amkuze. Hayo ya manjano ni dang'a. Yana laktosi kidogo kuliko maziwa yatakayofuata na kinga nyingi zaidi, na ni machache kwa kuwa ile mashine ya sehemu mbili ndiyo kwanza inaamka. Tumbo la kichanga ni dogo, linatosheka na hayo akinyonya mara kwa mara.

Na hata baadaye, maziwa ya mwanzo wa kunyonya yataonekana mepesi. Laktosi haibadiliki sana kutoka mwanzo hadi mwisho wa nyonyo moja. Kinachopanda ni mafuta, ndiyo maana ya mwisho yanaonekana meupe mazito. Mama mkwe ameona wepesi wa mafuta. Sukari macho hayawezi kuiona.

Supu na uji si bure hata kidogo. Mama anayenyonyesha anahitaji takriban kilokalori 500 za ziada kwa siku, na pweza ni protini safi. Kunywa, kula, pumzika. Ninalokataa ni kuviweka badala ya kunyonyesha. Mtoto mchanga anyonye mara 8 hadi 12 kwa usiku na mchana, na titi moja aliachie mwenyewe kabla hujamhamisha.

Nahodha_Likoni

Nakaa hapa nisome. Mke wangu yuko mwezi wa nane.

Nesi_wa_Pwani

Mwalimu nakuunga mkono, na mimi niko wodi ya wazazi. Lakini naomba watu wasije wakaondoka na nusu ya habari.

Kuna watoto wanaohitaji glukosi kwa amri ya daktari: waliozaliwa na uzito mdogo, waliotoka kabla ya wakati, na watoto wa kina mama wenye kisukari. Hao sukari ya damu yaweza kushuka vibaya saa za mwanzo. Tunawapima kisiginoni, na ikibidi tunapaka jeli ya dekstrosi, yaani glukosi, ndani ya shavu au tunatia kwa mshipa, na bado tunamrudisha kwa mamake anyonye. Hilo ni tiba yenye kipimo. Kijiko cha nyumbani hakina kipimo, na maji yenyewe hatujui yametoka wapi. Hapa kwetu wengi wananunua maji ya mkokoteni. Mtoto wa siku mbili kuharisha ni hatari kubwa.

La pili, maziwa yakichelewa kupita siku ya nne usikae nyumbani ukilaumiwa. Njoo uonwe. Kipande cha kondo kikibaki tumboni, projesteroni haishuki ipasavyo na maziwa hayaingii. Nimeona mama akiambiwa amefanyiwa husuda kumbe ni kondo. Kina mama wa kisukari nao mara nyingi wanachelewa kama siku moja hivi, basi wapewe moyo, wasipewe kopo la maziwa ya unga haraka.

Na nyie mnaojidunga insulini: titi likianza kuchota glukosi mahitaji yenu ya insulini hushuka. Pimeni mara nyingi, na muwe na kitu cha kula kando mnaponyonyesha usiku. Kutetemeka na jasho jembamba saa nane za usiku si uchovu wa uzazi peke yake.

Mfugaji_Mtwapa

Mada nzuri, ila sisi wa mifugo tumesahauliwa. Nina ng'ombe wa maziwa, nawapa matete, mashudu ya nazi na molasisi. Mmoja akizaa tu anakataa chakula cha unga, anakonda wiki hadi wiki, maziwa yanashuka, na pumzi yake inanuka kama ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Nimemwongezea molasisi nikidhani sukari itapanda. Wapi. Kiwele si kinafanya kazi kama titi la binadamu?

Mwalimu_Kibokoni

Ndugu yangu, mashine ya laktosi ni ileile, hatua kwa hatua. Glukosi ndiyo inayopatikana kwa njia nyingine kabisa.

Wewe na mimi tukila ugali, wanga unavunjwa na glukosi inaingia damuni kutoka utumboni. Ng'ombe akila molasisi, vijidudu vya tumbo kubwa vinaiwahi. Sukari inachachushwa na kuwa asidi: asetati, propionati na butirati. Glukosi inayofika kwenye damu moja kwa moja ni kidogo mno. Karibu yote ng'ombe anaitengeneza mwenyewe katika ini, na malighafi yake kubwa ni propionati. Sasa kila lita ya maziwa inadai kama gramu 70 za glukosi. Ng'ombe wa lita 20 anahitaji karibu kilo moja na nusu kwa siku kwa kiwele peke yake, na kiwele hakina huruma. Kinachota kwanza, mwili mwingine unabaki na masalio.

Ndiyo maana maumbile yamembania glukosi hiyo isipotee. Katika titi la panya, glukosi hutumika pia kutengeneza mafuta ya maziwa. Kiwele cha ng'ombe kina kidogo sana kile kimeng'enya kinachogawa sitrati kupeleka kaboni za glukosi kwenye mafuta, kwa hivyo mafuta yake yanaundwa kwa asetati, na glukosi inawekewa laktosi.

Harufu unayoisikia ni asetoni. Huo ni ugonjwa wa ketosisi. Ini limezidiwa: mafuta ya mwili yanayeyushwa kwa kasi, hakuna glukosi ya kutosha, na ketoni, zile zinazotokana na mafuta hayo, zinajaa damuni. Mwite daktari wa mifugo bila kuchelewa. Dawa ya kunywesha inayotumika sana ni propilini glikoli, kwa kuwa inapita tumboni na ini linaigeuza glukosi. Kwa ng'ombe wengine, usiwafikishe siku ya kuzaa wakiwa wanene kupita kiasi, na chakula cha unga kiongezwe polepole. Molasisi nyingi kwa ghafla yaweza kulichachua tumbo na kumwongezea maradhi.

Mfugaji_Mtwapa

Nimeelewa. Na kweli huyu alikuwa mnene kabla ya kuzaa, tulikuwa tunamsifu. Daktari nishampigia, anakuja kesho asubuhi.

BiSalma_OldTown

Mwanangu mwalimu, mimi nina swali la Ramadhani. Binti yangu ananyonyesha mtoto wa miezi minane na ameazimia kufunga. Sukari ya damu ikishuka mchana, hivyo vimeng'enya vitafanya kazi na nini?

Mwalimu_Kibokoni

Shikamoo bibi. Mwili wa mama umejiandaa kwa saa hizo. Ini lina akiba ya glikojeni, gramu 100 hivi kwa mtu aliyeshiba, nayo inatumika kwanza. Ikipungua, ini linatengeneza glukosi kwa gliserini inayotoka kwenye mafuta na kwa asidi za amino. GLUT1 inaendelea kuchota hata sukari ikishuka kidogo. Kwa mama mwenye afya, kufunga kwa mchana mmoja hakukaushi maziwa, na laktosi yake inabaki karibu palepale.

Lakini kuna mpaka. Anayenyonyesha anaingia kwenye ketosisi upesi kuliko mwingine, kama tulivyoona kwa ng'ombe wa ndugu yetu. Wapo kina mama waliolazwa hospitali kwa kujinyima wanga kabisa ili wapungue mwili huku wananyonyesha. Ni nadra, lakini damu inageuka kuwa na asidi na ni dharura. Binti yako asijinyime daku, anywe maji ya kutosha usiku, na futari iwe na viazi, mihogo, uji, tambi, si kaimati na sharubati peke yake. Akisikia kichefuchefu kikali, kizunguzungu, au akiona nepi za mtoto zimekuwa chache, afungue. Na ruhusa ya dini kwa mwenye kunyonyesha anayejihofia au kumhofia mtoto, masheikh wetu wanaijua vizuri kuliko mimi.

BiSalma_OldTown

Marahaba. Shukran, nitamsomea.

Kijana_wa_Kuze

Kuna jambo mwalimu hukuligusa. Mwanangu aliambiwa ana upungufu wa G6PD alipopata manjano baada ya kuzaliwa. Nilipotafuta nikaona G6PD nayo ni kimeng'enya cha glukosi, na iko kwenye titi pia. Je, mke wangu maziwa yake yana kasoro? Na mtoto asile mahamri na mbaazi akikua?

Mwalimu_Kibokoni

Umegusa penyewe. Ile glukosi iliyobandikwa fosfati na heksokinasi ina njia zaidi ya moja. Baadhi inakwenda kwenye laktosi, baadhi inachomwa kutoa nguvu, na baadhi inapita kwa G6PD. Hapo inatoa NADPH, ambayo ndiyo inayohitajika kujenga mafuta. Patricia McLean na wenzake London waliipima njia hii katika matiti ya panya miaka ya 1950, na kimeng'enya hiki kinapanda mara nyingi sana panya anapoanza kunyonyesha, kisha kinashuka upesi watoto wakiondolewa.

Kwa binadamu sehemu kubwa ya mafuta ya maziwa inatoka kwenye damu ikiwa ishaundwa. Titi linajenga hasa yale ya mnyororo wa kati. Kina mama waliorithi upungufu huu wananyonyesha kama wengine. Jini lake liko kwenye kromosomu ya X, ndiyo maana wavulana ndio wanaodhihirika zaidi, na ni kawaida Pwani kwetu kwa sababu linakinga kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Mbaazi ale bila wasiwasi. Maharage yenye madhara ni yale mapana yanayopikiwa ful. Habari ya dawa namwachia nesi.

Nesi_wa_Pwani

Kijana, hili lisomeni na mkeo pamoja. Chembe nyekundu za damu za mwanao zinategemea NADPH hiyohiyo kujikinga, na hazina njia nyingine ya kuipata. Vitu vinavyoziunguza vinazipasua, mtoto anakuwa wa manjano na mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi.

Mkeo akiandikiwa dawa yoyote aseme ananyonyesha mtoto wa G6PD. Primakwini, dapsoni na nitrofurantoini zinapita kwenye maziwa. Nyumbani, zile tembe nyeupe za nafthalini tunazotia kabatini ondoeni zote. Nguo za mtoto zilizohifadhiwa nazo ni hatari hata bila kuzila. Kuzivaa na kuvuta harufu yake kunatosha.

Na hina. Najua arobaini inakaribia na bibi anataka kumpaka mjukuu nyayo na viganja. Hina inapenya ngozi ya kichanga, na watoto wenye upungufu huu wameshapasukiwa damu kwa ajili yake. Mama apambwe apendavyo, ila mikono yake ikauke na ioshwe vizuri kabla ya kumshika. Mtoto asipakwe kabisa.

Kijana_wa_Kuze

Nafthalini ziko kwenye sanduku la nguo zake sasa hivi. Naenda kuzitoa.

Mzee_wa_Maabara

Nimestaafu kazi ya maabara ya hospitali, hili la laktosi limenikumbusha. Zamani mkojo tulikuwa tunauchemsha na dawa ya buluu ya Benedict. Kina mama wajawazito wa miezi ya mwisho na waliotoka kujifungua wengi wao mkojo uligeuka rangi, na wengine waliandikwa kisukari. Mwalimu, ile ilikuwa laktosi?

Mwalimu_Kibokoni

Ndiyo, mzee wangu, shikamoo. Mwisho wa mimba kuta za baina ya seli za titi bado hazijafungana sawasawa, laktosi inavuja na kuingia damuni. Damu haina kimeng'enya cha kuivunja, kwa hivyo figo zinaitoa kama ilivyo. Titi likijaa sana bila kunyonywa inavuja tena. Benedict hugeuka rangi kwa sukari yoyote inayoweza kutoa elektroni zake, na laktosi ni mojawapo.

Vijiti vya sasa vya mkojo vimepakwa kimeng'enya, glukosi oksidasi, ambacho kinaitambua glukosi na kuiacha laktosi. Kwa hivyo MamaTwalha na wenzake, kijiti kikigeuka rangi leo msiambiwe ni maziwa yanavuja. Hiyo ni glukosi yenyewe, mrudi kliniki mpimwe damu.